Kuasili Mtoto Anayehitaji Matibabu: Mwongozo Kamili kwa Familia za Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mtoto anayetoka katika makao ya watoto akiwa na ugonjwa wa kudumu huja na faili mbili. Ya kwanza ni ya sheria: barua za polisi, amri ya mahakama iliyomweka makaoni, na cheti kinachoonyesha kwamba yuko huru kuasiliwa. Ya pili ni ya hospitali: kitabu cha kliniki, majibu ya maabara, barua za rufaa na orodha ya dawa. Familia nyingi huishughulikia ile ya kwanza kwa bidii kwa sababu wakili huidai kila mara, na ile ya pili huiachia makao mpaka siku mtoto anapofika nyumbani. Mimi na mume wangu tulifanya kosa hilo tulipomwasili binti yetu mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hapa Kisumu. Nimeuandika mwongozo huu ili mzazi mwingine azibebe faili zote mbili tangu mwanzo, kwa kuwa sheria ina mwendo wake wa miezi mingi, ilhali ugonjwa haungojei tarehe ya mahakama.

Sheria inasema nani anaweza kuasili

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2001. Mwombaji anatakiwa awe ametimiza miaka 25 na asiwe amepita miaka 65, na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Wanandoa huomba kwa pamoja. Mtu asiye na mwenzi hafungiwi mlango moja kwa moja, lakini sheria inamwekea masharti ya ziada, hasa pale jinsia yake inapotofautiana na ya mtoto, kwa hiyo na aliulizie jambo hilo kabla ya kutumia shilingi yoyote. Familia za Kiislamu zinaweza kufuata njia ya kafala, ambayo sheria hiyo inaitambua: mtoto hulelewa kikamilifu nyumbani bila kubadilishiwa nasaba.

Mwezi wa Novemba 2014 serikali ilisimamisha uasili wa watoto wa Kenya unaofanywa na wageni. Mlango uliokuwa ukiwapeleka baadhi ya watoto Ulaya na Marekani ulifungwa, na mtoto mgonjwa aliye katika makao ya Kisumu, Kakamega au Nakuru akawa anazitegemea familia za hapahapa. Tena serikali ina mkakati wa mwaka 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika malezi ya familia. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mtoto mwenye ugonjwa mzito ana mfadhili wa ng'ambo anayemsubiri. Kwa wengi wao hayupo.

Kabla ya kujaza fomu yoyote

Ushauri wangu wa kwanza utawashangaza wengi: nenda ukakae kwenye benchi la kliniki. Ukishafikiria ugonjwa fulani ambao nyumba yako inaweza kuubeba, omba ruhusa kwa muuguzi msimamizi uhudhurie siku ya kliniki ya ugonjwa huo, uketi na wazazi, uwasikilize. Asubuhi moja ya kliniki ya selimundu katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, itakufundisha mengi kuliko vijitabu kumi. Utajua wazazi wanafika saa ngapi, wanatumia nauli kiasi gani, dawa ipi hukosekana kwa mfamasia na inapatikana wapi ikikosekana, na ni mara ngapi kwa mwaka mtoto hulazwa.

Kisha zungumza na watu wa nyumbani, na uzungumze kwa ukweli. Mama mkwe wangu hakuuliza habari ya ukoo wala jina. Aliniuliza, "Mwanangu, huyu mtoto akilia usiku wa manane kwa maumivu, mtajua mnampa nini?" Wakati huo sikuwa na jibu, na nilirudi kwake nikiwa nalo baada ya wiki tatu. Swali lake ndilo kipimo ninachowapa wote wanaoniuliza kama wako tayari. Huruma humfikisha mtu mpaka lango la makao. Kinachomvusha mwaka wa kwanza ni kujua la kufanya, kuwa na mtu wa pili anayejua vilevile, na kuwa na akiba ya dharura ambayo haiguswi kwa karo wala mbolea.

Pima pia mambo madogo ya nyumba. Je, kuna hospitali yenye damu ya kuongezewa, isiyo mbali kiasi cha kushindwa kufikiwa usiku wa mvua? Je, mwajiri wako atakuruhusu kwenda kliniki kila mwezi? Je, dawa zinazohitaji baridi zitawekwa wapi stima ikipotea? Mtu anayejibu maswali haya na kuona kwamba hawezi hajamkosea mtoto yeyote. Amkoseaye mtoto ni yule anayemchukua kisha akamrudisha.

Kuingia kwa mlango wa halali

Uasili hupitia kwa shirika la uasili lililosajiliwa. Usiende kwenye makao kuchagua mtoto, na usikubali kamwe kupokea mtoto kutoka kwa mkunga, muuguzi au jirani anayesema kwamba kuna msichana ambaye hataki mtoto wake. Sheria ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Zaidi ya adhabu hiyo, mtoto aliyepatikana kwa njia ya panya hana faili ya sheria kabisa, na siku atakapohitaji upasuaji hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba wewe ni nani kwake. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako ndiye mtu sahihi wa kukuthibitishia kwamba shirika unaloliendea limesajiliwa. Shirika hutoza ada za huduma zake na hutoa risiti. Mtoto mwenyewe hana bei, na anayedai malipo kwa ajili ya mtoto anafaa kuripotiwa.

Shirika litakutaka ulete vitambulisho, cheti cha ndoa, taarifa za benki au hati za mshahara, ripoti ya afya kutoka kwa daktari, barua za watu wanaokufahamu, picha za nyumba na watu wake, pamoja na cheti cha tabia njema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho huombwa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen na kulipiwa shilingi 1,050. Halafu mfanyakazi wa jamii atakutembelea nyumbani, zaidi ya mara moja. Hakuna haja ya kupaka rangi ukuta au kuazima viti. Anachotaka kujua ni jinsi mnavyosikilizana, nani hubaki na watoto, na mnasemaje kuhusu ugonjwa. Mwambie wazi ni hali zipi mnaweza kuzipokea na zipi hamwezi, na ziandikwe hivyo. Sisi tuliandika kwamba tunaweza selimundu na VVU, na kwamba hatuwezi hali inayohitaji upasuaji wa mara kwa mara mbali na Kisumu, kwa kuwa mume wangu husafiri na mimi nina mama mgonjwa ninayemtunza. Kamati ya shirika ndiyo inayowapitisha waombaji, kisha hutafuta mtoto anayewafaa.

Upande wa mtoto nao una hatua zake. Mtoto haasiliwi kabla ya kutimiza wiki sita, na mama mzazi hawezi kutoa idhini kabla ya muda huo. Kwa mtoto aliyetupwa, polisi hutoa barua ya kwanza yenye namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, wakatafuta ndugu, na baada ya miezi sita bila mtu kujitokeza hutoa barua ya mwisho. Ndipo anaweza kutangazwa kuwa huru kuasiliwa. Barua hiyo ya mwisho ndiyo hukwamisha faili nyingi, hasa kituo kinapobadilisha maafisa na kitabu cha zamani kuwekwa stoo. Uliza mapema kama tayari imetoka, na kama bado, uliza ni nani anayeifuatilia na kwa tarehe gani.

Faili ya hospitali: isome kabla hujauzoea uso

Shirika likishakupa habari za mtoto, utatamani kumwona siku hiyohiyo. Omba kwanza nakala ya faili yake ya matibabu, uipeleke kwa daktari wa watoto ambaye hana uhusiano na makao hayo, uketi naye nusu saa akueleze ukurasa kwa ukurasa. Ukishambeba mtoto, hutasoma tena kwa macho makavu. Mambo ya kutafuta hutofautiana kwa ugonjwa, na hapa nitakaa kidogo.

Selimundu ni ugonjwa unaoonekana sana katika kaunti za ziwa na za magharibi, kwa sababu kuibeba chembe moja tu ya urithi ya ugonjwa huu huwakinga watu kiasi fulani dhidi ya malaria kali, na malaria imekaa nasi miaka mingi. Mtoto huugua akirithi chembe hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili. Akirithi kwa mmoja tu, ni mbebaji na haugui. Tofauti hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, na kipimo cha zamani cha kutazama tu kama chembe za damu hupinda hakiwezi kuitofautisha. Tena kwa mtoto aliye chini ya miezi sita kipimo hicho kinaweza kusema hana kitu, kwa kuwa bado ana damu ya kichanga inayouficha ugonjwa. Kwa hiyo, ukikuta faili imeandikwa "selimundu" au "hana selimundu" bila majibu ya kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini, omba kipimo hicho kifanywe. Kisha tazama kama anapewa penisilini mara mbili kwa siku, dawa inayotakiwa kuendelea mpaka afikishe miaka mitano, kama anapata asidi ya foliki na kinga ya malaria, kama amechanjwa dhidi ya nimonia, na kama daktari amekwisha kuanza au kupanga haidroksiurea, ambayo huweza kuanzishwa tangu miezi tisa na hupunguza sana vipindi vya maumivu.

Kwa mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, fahamu kwamba kingamwili za mama hubaki katika damu ya mtoto hata miezi 18, hivyo kipimo cha kawaida cha haraka kikionyesha alama mbili kwa mtoto wa miezi minane hakimaanishi kwamba ameambukizwa. Kinachotakiwa ni kipimo cha PCR, ambacho hutafuta virusi vyenyewe, kinachofanywa akiwa na wiki sita, miezi sita na miezi 12, kisha kipimo cha kingamwili akiwa na miezi 18. Ninafahamu familia iliyomkataa mtoto kwa alama mbili za kipimo cha haraka, na baadaye akaonekana hana maambukizi. Na mtoto ambaye kweli ana VVU akimeza dawa zake kila siku, wingi wa virusi ukashuka mpaka usionekane, atakua, atasoma na atazeeka. Kati ya hali zote ninazozitaja hapa, hii ndiyo watu huiogopa kuliko inavyostahili.

Mdomo uliopasuka, ambao wengi huuita mdomo sungura, hutisha macho zaidi ya mwili. Mdomo hushonwa kuanzia miezi mitatu hivi, na kaakaa kati ya miezi tisa na 18, mradi mtoto ana uzito na damu ya kutosha. Kazi kubwa ni kumlisha akiwa wima, polepole, na kufuatilia masikio na usemi wake baadaye. Nyayo zilizopinda nazo hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, kisha viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, halafu usiku tu mpaka afikishe miaka minne au zaidi. Wazazi wengi hushindwa kwenye viatu, si kwenye plasta, kwa sababu miguu tayari inaonekana mizuri na mtoto analia.

Kichwa kujaa maji na mgongo wazi ni hali zinazohitaji daktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa, na familia za huku hupelekwa Eldoret katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, au Kijabe. Mtoto aliyewekewa mrija wa kuondoa maji kichwani anaweza kuishi vizuri, lakini mrija huziba, na ukiziba, ni suala la saa. Jifunze dalili kabla hajafika nyumbani: kutapika bila kuhara, usingizi usio wa kawaida, utosi kufura, macho kutazama chini. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, usimwulize daktari kama atatembea, kwa kuwa hata yeye anakisia. Uliza anafanya nini leo ambacho hakuweza miezi mitatu iliyopita, anameza vipi, kama ana kifafa, na mazoezi ya viungo amepata mara ngapi. Ucheleweshaji unaotokana na kulala kitandani muda mrefu makaoni hufanana na ugonjwa, na sehemu yake hupungua mtoto akipata mapaja ya kukalia.

Mwisho, fungua kitabu cha kliniki kwenye jedwali la ukuaji. Mstari wa uzito uliolala miezi kadhaa una maana ambayo ni lazima ielezwe. Tazama pia chanjo zote, ikiwemo ya malaria, ambayo watoto wa eneo la ziwa walianza kuipata mwaka 2019 na hutolewa katika miezi 6, 7, 9 na 24.

Siku ya kumtoa makaoni

Shirika likikubaliana nawe, mtoto hukabidhiwa kwako kwa malezi ya kabla ya uasili. Sheria inataka akae mikononi mwako mfululizo kwa miezi mitatu ndani ya Kenya kabla ya kuomba amri ya mahakama. Katika kipindi hiki mtoto anaishi kwako lakini bado si wako kisheria, na hapa ndipo faili mbili hugongana.

Nitaeleza yaliyotupata. Wiki ya sita binti yetu alipata homa, damu ikashuka, akahitaji kuongezewa damu saa tano usiku. Katika hospitali moja karani wa mapokezi aliona kwamba kitabu cha kliniki kina jina alilopewa na makao, sisi tuna majina mengine, na barua ya makabidhiano tuliyokuwa nayo haikutaja matibabu hata kwa neno moja. Alitaka mlezi halali aje kutia sahihi. Daktari alipofika aliamuru mtoto atibiwe mara moja, na ndivyo inavyopaswa kuwa kwa dharura, lakini tulikuwa tumepoteza karibu saa mbili kwenye benchi, mume wangu akipiga simu kwa watu waliokuwa wamelala. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi ya kumpokea mtoto, sisitiza kwamba barua ya makabidhiano iseme wazi ni nani anayeweza kuidhinisha matibabu ya dharura, kuongezewa damu na upasuaji, itaje jina lililo kwenye kitabu cha kliniki pamoja na majina yenu na namba za vitambulisho, na iwe na namba ya simu inayopokelewa usiku. Toa nakala tatu. Moja ikae ndani ya kitabu cha kliniki, moja kwenye gari au mkoba, moja kwa jirani unayemwamini, na ile asili nyumbani.

Siku hiyo pia chukua dawa za mwezi mzima, barua ya rufaa kwenda kliniki yenu, na uketi na mlezi aliyekuwa akimlea mtoto kwa mkono wake. Huyo ni mtu muhimu kuliko msimamizi wa makao. Mwulize analala upande gani, anatulizwa kwa wimbo gani, dawa chungu anaimeza kwa nini. Mlezi wa binti yetu alitwambia kwamba tembe husagwa na kuchanganywa na ndizi iliyopondwa, kamwe si na uji, kwa kuwa akionja uchungu katika uji hukataa uji siku mbili. Hakuna daktari angetuambia hilo.

Kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2021 ili kumpa mzazi anayeasili likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara kamili, kuanzia siku mtoto anapokabidhiwa. Mjulishe mwajiri kwa maandishi angalau siku 14 kabla, ukiambatisha hati za makabidhiano na cheti cha kutoka makaoni.

Miezi mitatu ya kwanza nyumbani

Mtoto aliyekaa makaoni amepita mikono mingi. Wengine hukumbatia kila mgeni, na watu husifu kwamba ana roho nzuri, kumbe hajajua bado yupi ni wake. Kwa wiki za mwanzo, wewe na mwenzi wako pekee ndio mmlishe, mmwogeshe na mumbembeleze. Jambo hili ni gumu kwetu, ambako mgeni hufika na mikono iliyonyooshwa kumpokea mtoto. Tuliwaomba dani, yaani bibi yake, na shangazi zake wakae karibu, wamwimbie, wamchekeshe, lakini akilia waturudishie sisi. Walielewa kwa sababu tuliwaeleza kabla hawajafika.

Lipo jambo jingine ambalo kwa mtoto mgonjwa ni la hatari. Mtoto aliyelia mara nyingi bila kuitikiwa huacha kulia. Asubuhi moja binti yetu, akiwa na miezi 14, alikaa mkekani kimya, nikadhani ametulia. Nilimpa kipande cha ndizi akakipokea kwa mkono wa kushoto, ilhali siku zote hutumia wa kulia. Nilipoushika mkono wa kulia, nyuma ya kiganja palikuwa pamevimba mpaka ngozi inang'aa, na ulikuwa wa moto. Hiyo ni dalili ya mapema ya selimundu kwa watoto wadogo, na maumivu yake humfanya mtu mzima apige kelele. Yeye alinitazama tu. Tangu siku hiyo nilimkagua kila asubuhi na jioni bila kungoja kilio: viganja, nyayo, weupe wa macho kama umekuwa wa manjano, kope za ndani kama zimepauka, na tumbo. Muuguzi wa kliniki alinifundisha kuweka vidole chini ya mbavu za kushoto mtoto akiwa amelala chali, nikapapasa ukingo wa bandama. Ukiongezeka ghafla huku mtoto amepauka, ni safari ya hospitali wakati huohuo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi pia ni safari ya hospitali, hata kama ni saa nane usiku na hata kama alichanjwa jana. Nunua kipimajoto kabla ya kununua kitanda.

Kuhusu gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mtoto ambaye bado hana cheti chenye majina yenu ni vigumu kumwandikisha kama mtegemezi, hivyo ulizeni shirika na makao jinsi gharama zake zilivyokuwa zikilipwa, na muwe na fedha taslimu za kipindi hiki. Kwa hali inayohesabika kuwa ulemavu, mtoto hupimwa katika hospitali iliyoidhinishwa ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Akikaribia umri wa shule, kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti kitashauri shule inayomfaa.

Mahakamani

Ombi hupelekwa Mahakama Kuu, na huku kwetu zipo Kisumu, Kakamega, Bungoma, Eldoret na Nakuru. Wakili huwasilisha hati za kiapo, cheti cha mtoto kuwa huru, ripoti ya shirika na nyaraka zenu. Mahakama humteua mlezi wa muda wa kesi, ambaye kazi yake ni kuyatetea maslahi ya mtoto, na kumwagiza Katibu wa Huduma za Watoto atoe ripoti yake. Mtataja pia mtu atakayemlea mtoto mkifa. Kwa mtoto mgonjwa, msimtaje ndugu kwa heshima ya ukoo tu. Mtajeni anayejua dozi zake.

Wakati wa kuandaa hati, mwombe wakili aambatishe barua ya daktari inayoeleza ugonjwa, matibabu yanayoendelea, na jinsi mtoto alivyobadilika tangu awe kwenu. Wengine huogopa kwamba kuutaja ugonjwa kutamfanya jaji asite. Jaji huamua kwa kutazama maslahi bora ya mtoto, kama Kifungu cha 53 cha Katiba kinavyotaka, na mzazi anayeonyesha jedwali la uzito uliopanda amejibu swali hilo kwa ushahidi. Pia barua ya daktari inayoonyesha upasuaji unaosubiriwa inaweza kumsaidia wakili kuomba tarehe ya karibu.

Kikao husikilizwa faraghani. Jaji wetu alituuliza maswali machache, akamtazama mtoto, akauliza amelala vizuri. Kesi ilichukua miezi mingi kati ya kuwasilisha na hukumu, na wakati huo kliniki ziliendelea kila mwezi kwa barua ileile ya makabidhiano, tuliyokuwa tumeirekebisha.

Kwa mtoto aliyepatikana bila kujulikana wazazi wake, Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema kwamba mtoto anayeonekana kuwa chini ya miaka minane, aliyepatikana nchini, na ambaye uraia na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa. Mwombe wakili ahakikishe kwamba hukumu inalitaja hilo, kwa kuwa litawaondolea maswali mengi siku ya kuomba pasipoti ya matibabu ya nje.

Baada ya amri

Amri ikitoka, hupelekwa kwa Msajili Mkuu ili mtoto aingizwe katika daftari la watoto walioasiliwa na kupewa cheti cha uasili, ambacho hutumika pale ambapo wengine hutumia cheti cha kuzaliwa. Kuanzia hapo mtoto ni wenu kama aliyezaliwa nanyi, mpaka katika urithi. Wiki hiyohiyo nenda kwenye idara ya rekodi ya hospitali ukiwa na cheti, uombe jina libadilishwe kwenye faili bila kufungua faili mpya, kwa sababu faili mpya hupoteza historia yote ya damu aliyoongezewa na dawa zilizomdhuru. Mwandikishe bima. Mjulishe mfamasia pia.

Kila kliniki mpya itauliza habari za ugonjwa katika ukoo. Jibu "haijulikani", na usikubali karani aandike historia ya ukoo wako, maana siku moja daktari ataitegemea. Na mtoto mwenyewe aanze kusikia neno kuasiliwa mapema, katika hadithi za kulala, kabla hajalisikia kwa mtu mwingine. Atakapokua atauliza alipatikana wapi na na nani. Nakala ya barua ya kwanza ya polisi, ile yenye namba ya OB, huwa ndiyo maandishi yanayotaja mahali, saa, na nguo aliyokuwa amevikwa. Iombe kwa shirika kabla faili haijafungwa na kupelekwa stoo. Yetu iko ndani ya bahasha moja na kitabu chake cha kwanza cha kliniki, na leso aliyopatikana amefunikwa nayo.